Kuonyeshwa Kazi Isiwe Zawadi ya Watoto wa Wakubwa

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa komini za Katuba, Kenya na Ruashi, hapa Lubumbashi.



Tunajua wengine mumetembea kwa miguu juu pesa ya taksi haikupatikana. Leo hatutaongea juu ya maji wala umeme, hata kama vyote viwili vinakosa. Tutaongea juu ya swali moja: kijana akiingia kazini siku ya kwanza, ni nani anamuonyesha kazi?

Sisi tunaosimama hapa tuko na lisansi. Tulisoma miaka mitano, tukatetea kazi ya mwisho mbele ya walimu, tukamwagiwa poda kichwani, wazazi wakaimba. Toka siku ile tunazunguka muji na fotokopi za diploma ndani ya bahasha ya kaki. Kila tangazo linaomba uzoefu wa miaka mitatu, mitano. Uzoefu unauzwa soko gani? Unaupata kazini tu, na kazini huingii kama hauna. Ni mulango ambao ufunguo wake umefungiwa ndani. Anayeweza kuufungua ni mutu mwenye kuwa ndani tayari.

Chuo kikuu kilitufundisha hesabu za kampuni. Hakikutuonyesha namna ya kufunga hesabu za mwezi wakati fakture mbili zimepotea na mukubwa anangojea. Kilitufundisha sheria ya usalama wa kazi. Hakikutuonyesha namna ya kumuambia mukubwa, bila kumukosea heshima: "Mashini hii haiko salama, hatuiwashe." Mambo haya unayapata kwa mutu aliyeyapitia, anayekaa karibu nawe, anayekurekebisha leo na kesho tena. Wazee wetu waliita vile kumuonyesha mutu kazi. Ku garaji na kwa fundi wa nguo inafanyika kila siku. Ku biro na ku mine njo inakosa.

Muji wetu unajua bei ya kukosa jambo hili. Lubumbashi ilijengwa juu ya shaba. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1967 mali yake ya hapa ikawa ya taifa, ikazaa kampuni tunayoita leo Gécamines. Ndani ya miaka ya 1980 kampuni ile ilifikia kutoa tani zaidi ya 400 000 za shaba kwa mwaka. Kisha mashini zikachoka, mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ukabomoka, na uzalishaji ukaanguka. Mwaka 2003 ikaanza operesheni ya kuondoka kwa hiari, kwa musaada wa Benki ya Dunia. Wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakatoka.

Wengi wetu tulikuwa watoto wa mugongoni. Tumekua tukisikia wazee wakiongea juu ya pesa za kuondoka. Sisi tunaongeza swali: ujuzi wao ulienda wapi? Mutu aliyesikiliza mashini miaka 25 alijua kwa sauti tu kama inataka kuharibika. Wazee wa namna ile walitoka wengi kwa mara moja, na wengi wao hawakupata kijana wa kumuachia ile akili. Kampuni mpya zilipofika, kijana wa muji alibaki ku bariyeri na diploma yake, na baba mwenye kujua kazi alibaki nyumbani anauza makala.

Leo wako vijana wanaoonyeshwa kazi. Wanachaguliwa kwa swali moja: "Uko mutoto ya nani?" Kama jina la baba yako linajulikana, utapata mutu wa kukushika mukono. Kama umetoka Mitwaba ao Pweto, hauna mujomba hapa, utaambiwa: "Rudia nyumbani, tutakuita." Kama jina lako linasikika la jimbo lingine, simu haitalia. Dada zetu wanaambiwa mine haiko kazi ya mwanamuke. Wengine wanaambiwa masomo ya kazi yatafanyika usiku, mahali pasipo biro. Ndugu mwenye ulemavu hafiki hata ku ngazi. Ndiyo maana tunasema, kuonyeshwa kazi ni jambo la haki. Kama inapitia damu tu, umaskini nao utapitia damu.

Na staji? Wengi wetu tulizifanya. Tulitoa fotokopi, tulinunulia wakubwa maji na mukate. Baada ya miezi mitatu karatasi ikaandika kama tulifanya "vizuri sana". Vizuri sana, kitu gani?

Tunasikia pia mawazo ya muzee aliye ndani: "Nikimuonyesha yote, kesho atakamata kiti changu." Hatumucheki. Ndani ya inchi ambamo pensheni inachelewa, kila mutu analinda kiti chake. Ndiyo sababu kazi ya kufundisha ihesabiwe kama kazi: ipewe saa zake, ilipwe, iandikwe ndani ya alama za yule anayefundisha. Hapo kijana hatakuwa tena mwizi wa kiti.

Sheria haikosi. Katiba ya 2006, kwa kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mutakatifu wa kila Mukongomani. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaongea juu ya mukataba wa kujifunza kazi. INPP, shirika la serikali la kutayarisha watu kwa kazi, liko toka 1964. Inakosa watu wa kuuliza. Basi tunauliza.

Tunaomba kampuni na biro za serikali mambo haya:

Kila mustajieri apewe mulezi mumoja mwenye jina, na karatasi ya mambo atakayojua kila mwezi, yenye sahihi za wote wawili.

Nafasi za staji zibandikwe wazi, na sehemu iwekwe kwa wasichana na kwa wenye ulemavu.

Mutu asilipe ili apate staji, na pesa ya safari itolewe.

Msichana apate mutu mwingine wa kumulalamikia, asiyekuwa mukubwa wake.

Na sisi wenyewe? Wewe uliyeingia ndani, usifunge mulango nyuma yako: kamata mumoja, umuonyeshe. Wewe ungali inje, fika kwa saa, uliza, andika, usione haya kuanzia garajini. Na toka Jumamosi hii tunafungua daftari. Ndani yake tutaandika wazee wa muji, wa kazi na wa pensheni, wanaokubali kukaa na kijana saa mbili kwa juma. Kama uko na baba, mama ao jirani mwenye ufundi, muombe jina lake kwa heshima, ulilete. Mwenye kuogopa kiti chake hatakuja. Mwenye kubaki bila kiti, anayo mengi ya kutuambia, na hakuna aliyekwisha kumuuliza.

Tunaanza saa tatu ya asubui. Mulete kalamu.

Tuko pamoja.