Kengele ya Mwisho Ikisha Kulia

Mazungumzo ya redio juu ya vikundi vya wanafunzi wa sekondari na amani yetu

Mazungumzo haya ni kwa wasikilizaji wa Wagenia, wa Lubunga na wa mji wote wa Kisangani. Nawasalimu ninyi jamaa mliokimbia makwenu na kuacha mashamba, mbuzi na makaburi ya wazee. Nawasalimu ninyi mliowafungulia mlango na kugawana nao sombe na mchele. Nawasalimu pia mashefu wa kartie, wakubwa wa vijiji, walimu wakuu, wachungaji, mapadri na maimamu. Mazungumzo ya leo yanawahusu ninyi nyote.

Leo sitaongea juu ya mikutano ya wakubwa. Nataka tuangalie saa chache tu za kila siku, tangu kengele ya mwisho ya shule inapolia mpaka jua linapozama. Mzazi, katika saa hizo, kijana wako wa sekondari yuko wapi? Yuko na nani? Anasikia maneno gani?

Nauliza kwa sababu mabaya mengi yaliyotupata yalipandwa katika saa hizo. Mwanzoni mwa mwaka 2023 mabishano ya ardhi baina ya Wambole na Walengola yaligeuka kuwa mapigano, huko Ubundu na hapa Lubunga. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakakimbia. Kweli, jambo la ardhi lilikuwa la watu wazima. Lakini vita, ndugu zangu, hutafuta mikono ya vijana, na kijana aliyekaa bure kando ya njia, asiye na kazi wala mtu wa kumwita kwa jina lake, huyo ndiye anayepatikana upesi. Anapewa uvumi asubuhi na panga jioni.

Sasa tuangalie maji yetu wenyewe. Hapa Wagenia kila mtoto ameona wavuvi wakisimika miti mikubwa katika mashimo ya mwamba, katikati ya maporomoko. Huifunga kwa kamba za msituni, kisha hutundika migono mbele ya maji makali. Hakuna mtu hata mmoja awezaye kusimika mti ule peke yake. Mmoja anashika, mwingine anafunga, wa tatu anamwangalia mwenzake asiteleze. Mto ukija juu na kuchukua miti, wanaanza tena. Na kijana hajifunzi kazi hiyo kwa kuambiwa. Hujifunza kwa kushika kamba pamoja na baba yake na wajomba zake.

Amani nayo hufundishwa vivyo hivyo. Tunaweza kumwambia mtoto mara mia, «Mpende jirani yako,» lakini kama hajawahi kushika kamba moja na yule jirani, maneno hayo yatachukuliwa na maji ya kwanza. Ndiyo maana nasema tuwape vijana wetu vikundi nje ya masomo: kwaya, mpira, nzango kwa wasichana, mchezo wa kuigiza, mabishano ya hoja, mashindano ya maswali baina ya shule, skauti, bustani, kusoma vitabu. Hayo si mapambo ya shule za matajiri. Kwetu ni kamba ya kushika pamoja.

Labda utasema, «Mpira na kwaya vitazuiaje risasi?» Swali hilo ni la haki. Nitakujibu kwa jambo lililotokea kwa jirani zetu wa Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997, wakati wa vita vya kule, watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, katika jimbo la Bururi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Wanafunzi wakakataa. Wakabaki pamoja, na 40 kati yao wakauawa.

Hatuombi mtoto ye yote afikishwe hapo. Mungu apishe mbali. Lakini tujiulize: vijana wale walipata wapi nguvu ya kubaki pamoja? Haikuzaliwa asubuhi ile. Miaka ya nyuma, nchi yao ilipokuwa ikigawanyika, wakubwa wa nyumba ile walikuwa wamewazoeza kuongea wazi juu ya yale yaliyowaumiza, kusali pamoja, kucheza mpira na kuimba na kucheza ngoma pamoja. Silaha zilipokuja, zilikuta watu waliokwisha kujuana. Kundi la watoto wasiojuana hugawanywa kwa neno moja. Waliojuana ni vigumu kuwagawa.

Na hapa kwetu mfano haukosekani. Patrice Lumumba, kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1960, alikuwa mtumishi wa posta katika mji huu, siku zile ukiitwa Stanleyville. Hapa ndipo aliposhika uongozi wa vyama mbalimbali vya watu wa mji, akazoea kuongoza mkutano, kuandika na kusema mbele ya watu. Katika miaka ya karibu, Faustin Linyekula na wenzake wa Studios Kabako, waliofanya Kisangani kuwa makao ya kazi yao tangu 2006, wameonyesha kwamba ngoma na maigizo vyaweza kukusanya vijana wa mji huu, hata wa Lubunga, na kuwapa kitu cha kufikiri pamoja.

Basi, wazazi na viongozi, tufanye namna gani? Nitataja mambo sita, nanyi myapime.

La kwanza, kikundi kisiwe cha kabila moja wala cha wakimbizi peke yao. Mkianzisha timu ya waliokimbia na timu ya wenyeji, mmepanda vita vingine. Mchanganye Mmbole, Mlengola, Mgenia, Mtopoke, Mlokele na wengine wote. Majina yaandikwe bila kabila, na timu zipangwe kwa kura. Aliyekuja jana aweze kuwa kapteni, na mwenyeji akubali kuongozwa naye.

La pili, gharama. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipwi, lakini ya sekondari wazazi bado wanayalipia kwa taabu. Kikundi kikidai faranga, watoto wa kwanza kukosa watakuwa wale waliokimbia. Kwaya haihitaji kununua kitu. Mabishano ya hoja yanahitaji kivuli cha mwembe tu. Na mpira, watoto wetu wanajua kuusokota kwa mifuko na kamba. Hata mtoto aliyeacha shule kwa kukosa malipo asifukuzwe. Huyo ndiye anayehitaji kikundi kuliko wote, na huenda marafiki wakamrudisha darasani.

La tatu, wasichana. Mara nyingi kikundi cha vijana huwa kikundi cha wavulana, kwa sababu saa ile msichana yuko mtoni anateka maji, au yuko sokoni na beseni la mama yake. Ulizeni wasichana wenyewe ni saa gani wanaweza. Mmalize mapema, warudi nyumbani kabla ya giza. Kama wengine wanavuka mto kwa mtumbwi, mkutane mara upande huu, mara upande ule, ili taabu ya safari igawanywe kwa haki.

La nne, wakubwa wawepo, lakini wasitawale. Wawepo wawili kila mara, mwanamke na mwanamume, wanaojulikana na wazazi. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali pa siri. Vijana wachague wenyewe mkubwa wao, mwandishi na mtunza mali, na baada ya muda wabadilishe. Anayejifunza kuacha kiti bila ugomvi akiwa na miaka kumi na sita, amejifunza jambo ambalo wengi wetu hatukulijifunza.

La tano, msiwalazimishe watoto kusimulia waliyoyaona. Wapo walioona nyumba ikiungua na mtu wao ndani. Mtoto huyo ataimba leo, atacheza kesho, na siku moja, akitaka mwenyewe, atasema. Akisema, msikilizeni bila kumkatiza, wala habari yake isipelekwe sokoni.

La sita, fungeni mlango kwa siasa. Atakuja mkubwa mmoja na jezi mpya zenye picha yake. Mshukuruni, mwambieni jezi zisizo na picha zitapokelewa kwa furaha. Kikundi kilichovaa uso wa mtu kesho kitatumwa na mtu huyo.

Ziko pia kazi ambazo vijana wanaweza kuwafanyia wakubwa. Mwaka 2000, tarehe 5 mpaka 10 Juni, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mji huu. Mabomu zaidi ya 6,000 yalianguka juu yetu na mamia ya raia walikufa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, kwa madhara ya mji huu na ya sehemu nyingine za nchi. Wanafunzi wa leo hawakuwa wamezaliwa siku zile sita. Kikundi cha historia kiende kwa wazee na daftari, kiulize: Nani aliwaficha? Nani aliwapa maji? Mara nyingi watasikia kwamba aliyeokoa mtu hakumwuliza kwanza kabila lake. Somo hilo lisipoandikwa, litazikwa pamoja na wazee.

Sasa nasikia mama mmoja akisema, «Wewe wa redio, mwanangu hajala tangu jana, nawe unaongea juu ya kwaya.» Mama, una haki. Sisemi kikundi kije mbele ya chakula. Naomba saa mbili tu kwa juma, siku isiyo ya soko, ili biashara ndogo ya nyumbani isiharibike. Na kikundi cha bustani kinaweza kuanza na lengalenga na bamia, ambazo haziwafanyi watu wangoje muda mrefu.

Pia nisiwadanganye. Kikundi cha wanafunzi hakitamaliza mabishano ya ardhi. Mipaka itatengenezwa na serikali, na mahakama, na wakubwa wa mila wakikaa pamoja kwa kweli. Aliyeua ahukumiwe. Aliyechomewa nyumba apate haki yake. Tusiwape watoto mzigo ambao ni wetu. Wao watusaidie jambo moja tu: siku uvumi mbaya utakapovuka mto, mtoto wa upande huu aweze kusema, «Huyo mnayemsema namjua, tunaimba sauti moja,» na mtoto wa upande ule aseme vivyo hivyo. Uvumi unaokutana na mtu mwenye kujua hupoteza nguvu.

Basi kabla ya Jumapili ijayo naomba kila mmoja afanye kitu kimoja. Shefu wa kartie, tafuta uwanja au kivuli, uwaambie watu kwamba mahali hapo ni pa watoto, hapana mkutano wa silaha wala wa chama. Mwalimu mkuu, toa darasa moja tupu baada ya masomo, na ufunguo wake umpe mwalimu unayemwamini. Mzazi mwenyeji, mtume mwanao aende kumwita mtoto wa jamaa waliokimbia, amwite kwa jina lake. Mzazi uliyekimbia, mruhusu wako aende, ingawa moyo wako unaogopa. Siku ya kwanza nenda naye, ukae pembeni, uangalie.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nasi tuwashikishe vijana wetu kamba moja wangali wabichi, kabla maji hayajaja juu tena.

 Mbaki na amani.