Moshi mweusi wa gari ya Makunduchi

Juma hili sitasema habari ya siasa wala bei ya sukari. Nitasema habari ya gari yangu, na nawaomba wale wasiokuwa na gari wasizime redio, kwani ndani ya kisa hiki yumo mtu.

Mimi nakaa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, ambako hata uwe na fedha namna gani gari haikufikii mlangoni. Vichochoro vyetu ni vya miguu ya watu, na siku hizi vespa na baiskeli zinazotukosa kidogo. Kwa hiyo Hiace yangu hulala Makunduchi kwa dada yangu, na mwanawe ndiye dereva. Alfajiri hupakia abiria na magunia ya mihogo, hupita Kitogani, Jozani na Tunguu, akafika Darajani watu ndio kwanza wanafungua maduka. Jioni huniletea hesabu. Injini yake ni ya dizeli, lita 3, ile ambayo mafundi wanaiita 1KD.

Ghafla hesabu ikaanza kupungua. Mpwa wangu akasema gari haina nguvu. Pale Jozani, penye matuta yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe, akishapunguza mwendo gari haitaki tena kuchanganya. Ukikanyaga mafuta inatoa wingu jeusi, hata wanaofuata nyuma wanafunga vioo. Ukiizima inatikisika kama mtu mwenye homa ya baridi. Na taa ya njano ya injini imewaka, haizimiki.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja, mtu mzima mwenye sifa zake. Hakufungua hata skrubu moja. Alifungua mfuniko wa tangi, akanusa, akanitazama kwa huruma. "Mafuta haya yamechakachuliwa, bwana. Muulize dereva wako."

Mchezo huo sote tunaujua. Dereva huuza lita kadhaa za dizeli, akajazia mafuta ya taa. Huko Bara ulikithiri mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, ili bei yake isiwe kishawishi. Basi nikaliunga neno la fundi na ile hesabu iliyopungua, nikapata jibu. Kesho yake nilimngojea mpwa wangu Darajani, nikampokonya ufunguo mbele ya abiria, nikamwita jina ambalo sitalirudia hapa redioni. Kijana hakujibu. Alinipa ufunguo, akavuka barabara, akapanda gari ya mtu mwingine kurudi kwao.

Kwa ushauri wa fundi yule yule nikanunua nozeli nne, zote mpya. Fedha zile nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya bati za nyumba, na masika yako njiani. Zikafungwa. Moshi ukabaki vile vile.

Ndipo jirani yangu mmoja aliponipeleka Mwanakwerekwe kwa fundi mwingine, kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Aliniamkia shikamoo, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: "Maalim, moshi wake rangi gani?" Nikamwambia mweusi. Akasema moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweupe mara nyingi ni dizeli isiyoungua, na mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. "Mafuta ya taa huumiza pampu na nozeli, maana hayana ulainisho wa dizeli. Lakini mweusi namna hii, mimi naanza kutafuta upande wa hewa."

Akachomeka mashine yake chini ya dashibodi, ikaandika P0488. Mimi nikadhani tumemaliza, tukanunue kifaa. Akacheka. Nambari ile, alisema, inaonyesha njia tu, haimtaji mwizi. Inasema kibati cha kupitisha hewa hakikai pale kompyuta inapokitaka kikae. Lakini huenda kosa ni la waya, huenda ni plagi iliyoingia kutu, huenda ni masizi, huenda ni mota yenyewe.

Hapa naomba mnivumilie kidogo. Kifaa chenyewe mafundi wanakiita throto. Ni kipande cha bomba chenye kibati cha duara ndani yake, kinachozunguka na kufunga njia ya hewa kama kifuniko. Katika gari ya petroli, kibati hicho ndicho kinachotawala mwendo: ukikanyaga kinafunguka, hewa inaingia. Dizeli si hivyo. Rudolf Diesel alipoiendesha injini yake kule Augsburg mwaka 1897, aliigandamiza hewa mpaka ikapata moto wa kuyawasha mafuta bila ya plagi, na mpaka leo mwendo wa dizeli unatawaliwa kwa kipimo cha mafuta, si cha hewa. Ndiyo maana mafundi wengi waliokulia kwenye zile gari za shamba zenye mabodi ya mbao wanakuapia kwamba dizeli haina throto.

Za siku hizi nyingi zinayo, kwa kazi mbili. Kwanza, kibati hujifunga kidogo ili kuuvuta moshi wa ekzosi urudi ndani ya injini, uchomaji upoe na sumu za naitrojeni zipungue. Pili, hujifunga unapozima gari, ili injini ilale kwa upole. Ubaya wake ni kwamba moshi ule unaorudi hukutana na mvuke wa oili, vikashikana, vikawa kama lami. Gari inayokwenda polepole na kusimama kila kituo ndiyo inayoathirika zaidi.

Yule kijana alivua mpira wa hewa, akawasha gari, akaniambia nichungulie, lakini kofia niiweke mbali isije ikavutwa. Akaizima. Kibati kilitakiwa kifunge, kisha kirudi wazi. Hakikutikisika. Kilikuwa kimeganda karibu na kufunga, cheusi tititi. Kumbe gari yangu ilikuwa inapanda na kushuka huku imezibwa pua!

Wala hakukimbilia kubadilisha. Alisafisha plagi ya umeme, iliyokuwa na ukijani wa chumvi ya pwani. Akapima waya kwa testa, umeme unafika. Akaifungua throto, akaiosha masizi mpaka kibati kikazunguka kwa kidole. Akairudisha, akaiamuru kwa mashine. Kimya. Akapima mota yenyewe, nyaya za ndani zimekatika. Hapo ndipo aliposema, "Sasa, Maalim, tununue."

Iliyotumika tuliipata Gerezani, Dar es Salaam, baada ya kuwasomea nambari iliyoandikwa ubavuni mwa ile ya zamani, kwani zinafanana kwa sura na plagi zinatofautiana. Ikaja kwa boti ya jioni, nikaipokea Malindi. Kabla ya kuifunga, aliiunganisha na kuichezesha mkononi. Akasafisha na njia ya hewa inayofuata pamoja na vali ya kurudishia moshi, maana kuweka throto safi juu ya lami ile ni kazi bure. Gasketi mpya, boliti nne, akafuta nambari kwenye kompyuta. Silensa ikatulia. Akaizima, ikazimika kimya kama feni.

Nikamuuliza, nozeli zangu za zamani zilikuwa mbovu? Alikuwa amezipima. Akasema zilikuwa nzima. Na mafuta? Alikuwa ametoa chupa moja chini ya tangi. Dizeli tupu.

Jioni ile nilikwenda Makunduchi. Dada yangu alinikaribisha kitako barazani, ndani hakunikaribisha, na chai hakuleta. Mpwa wangu akatoka, akanisikiliza mpaka mwisho habari ya throto na masizi. Nikamnyoshea ufunguo. Hakuupokea.

"Nimekusamehe, mjomba," alisema. "Lakini ufunguo ulinipokonya Darajani. Nipe pale pale."

Basi Jumatatu iliyofuata, asubuhi, abiria wa Makunduchi wakiwa wanateremsha mihogo yao, nilisimama Darajani nikausema ukweli wote kwa sauti, wauza samaki nao wamegeuka wanatazama, nikampa ufunguo wake.