Mjibu mteja kabla hajapiga simu

Najua wengine mmetoka zamu ya usiku na hamjalala, kwa hiyo nitasema jambo moja tu. Ukitaka tovuti ya biashara yako ikuletee wateja, andika humo majibu ya kweli kwa maswali wanayokuuliza kila siku.

Mimi ni fundi cherehani. Nilishona miaka mingi kambini Nyarugusu, na kule sikuhitaji tangazo. Cherehani ilikaa barazani, kila apitaye aliiona. Nguo iliyomkaa mtu vizuri Jumapili ndiyo iliyoniletea kazi ya Jumatatu. Hapa Columbus, Ohio, watu hupita ndani ya magari, vioo vimefungwa. Mtu akitaka fundi, huiuliza simu yake kwanza.

Basi mwanangu akanitengenezea tovuti. Ilikuwa na jina langu, picha tatu, namba ya simu, na maneno haya: "Tunashona nguo bora kwa bei nzuri." Miezi minne ikapita, hakuna aliyepiga. Kisha bwana mmoja akanipigia, akaahidi kwamba nikimlipa dola 300 atanipandisha juu kabisa kwenye Google. Nililipa kwa pesa niliyotenga kwa ajili ya kodi ya nyumba. Sikupanda, naye hakupokea simu yangu tena.

Sikieni vizuri, yasiwapate yaliyonipata. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na wao hawapokei malipo ili kupandisha tovuti katika majibu ya kawaida. Kinacholipiwa ni matangazo, nayo huwekewa alama kwamba ni matangazo.

Kilichonisaidia ni swali. Dada mmoja niliyefanya naye kazi ya usafi, Mmarekani, aliniuliza: "Kufupisha gauni la harusi ni bei gani?" Nikamjibu kwamba inategemea. Gauni lina tabaka ngapi? Lina bitana? Pindo lina lesi au shanga za kutolewa na kurudishwa kwa mkono? Nikamwambia pia aje na viatu atakavyovaa siku hiyo, maana urefu wa kisigino hubadilisha kila kitu. Akasema, "Mbona hayo hukuyaandika kwenye tovuti yako?"

Usiku ule niliyaandika kwa Kiswahili kwenye daftari. Niliweka na bei zangu, ya chini na ya juu. Mwanangu akayageuza kwa Kiingereza chepesi, maana wateja wengi wa hapa hutafuta kwa Kiingereza. Yale ya Kiswahili tukayaacha pia, kwa ajili ya watu wetu. Baada ya mwezi mmoja na nusu hivi, mama nisiyemjua akapiga simu: "Nimesoma kuhusu magauni. Nakuletea la binti yangu." Hakuuliza bei. Alikuwa ameshaijua.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1900, kule Ufaransa, kampuni ya matairi ya Michelin ilichapisha kitabu kidogo ikawagawia madereva bure. Kilieleza namna ya kubadilisha tairi, na mahali pa kupata fundi, mafuta na hoteli. Magari yalikuwa machache. Lakini dereva anayejua atalala wapi husafiri mbali zaidi, na anayesafiri sana humaliza matairi. Walimsaidia mtu kwanza, biashara ikafuata.

Sasa niwaambie kosa langu. Nilipoona simu zinaanza kuja, nikataka makala nyingi kwa haraka. Nikachukua makala ya mtu mwingine kuhusu kufua nguo za pamba, nikaiweka kama yangu. Ilisema tumia maji moto, kisha mashine ya kukaushia. Mteja wangu mmoja akafanya hivyo kwa gauni la kitenge nililomshonea kwa harusi ya mdogo wake. Likasinyaa, zipu haikufunga tena. Aliniambia, "Mama, nilifuata maneno yako."

Nilimshonea jingine bure. Lakini maneno yale bado yananiuma, kwa sababu hayakuwa hata maneno yangu. Kunakili kazi ya mtu ni kuvunja sheria, ndiyo, na pia ni kumpa mteja ushauri ambao wewe mwenyewe hujaupima. Hata ukisaidiwa na programu ya kompyuta kuandika, soma kila mstari. Jina lililo pale ni lako.

Basi fanya hivi. Kwa siku saba, andika kila swali unaloulizwa, iwe unasuka nywele, unapika sambusa au unasafisha ofisi. Chagua moja lililorudi mara nyingi. Liweke juu kama kichwa, kwa maneno aliyoyatumia mteja. Mstari wa kwanza utoe jibu. Kisha eleza bei, muda, na vitu anavyopaswa kuleta. Taja mji wako. Weka picha ya kazi yako mwenyewe, na kama kuna mtu ndani yake, muombe ruhusa. Mwambie pia ni lini hakuhitaji: kifungo kimoja kilichokatika anaweza kukishona nyumbani. Atakukumbuka siku zipu itakapoharibika. Na bei ikibadilika, rudi urekebishe.

Usitegemee matokeo kesho. Ni kama kupanda muhogo, unangoja. Ila hukulipa dola 300.

Ukija Jumamosi ijayo, njoo na swali moja kwenye karatasi. Kiingereza tutasaidiana. Jibu unalo tayari, maana kazi ni yako.