Gari la Kuzimia Moto: Kijiji Kiingie Katika Ununuzi wa Pamoja wa Serikali



Anayezima moto wa msituni huku Kilwa haji na king'ora. Anakuja na panga, jembe na tawi bichi. Akibahatika, na bomba la mgongoni alilonunua kwa ajili ya kupulizia mikorosho. Halipwi. Gari la zimamoto likitoka Lindi mjini hadi Nangurukuru, hapa Kilwa, lina zaidi ya kilomita 150 za lami, na ukiiacha lami kuna njia za mchanga ambazo gari kubwa lililojaa maji litazama. Moto wa Septemba, watu wakisafisha mashamba ya ufuta, hausubiri.

Na unachokiteketeza ni mali. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, hapa Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, FSC, na mpingo wake ukaweza kuuzwa kama mti uliovunwa kwa utaratibu. Sheria ya Misitu ya 2002 ndiyo iliyokipa kijiji haki ya kutenga msitu wake na kula mapato yake. Uchomaji wa mapema, unaofanywa nyasi zikiwa bado na unyevu, unasaidia sana, lakini nao unataka watu wafikishwe kwa wakati.

Kuwafikisha kunahitaji gari, na njia ya kulipata ipo: mwaka 2007 ulianzishwa Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, GPSA, ambao hununua magari ya taasisi za umma kwa pamoja. Anayenunua kwa pamoja hana sababu ya kubembeleza bei peke yake. Lakini kikundi cha kujitolea cha wazima moto, kinachofanya kazi ya umma usiku kucha, kinakwenda dukani kama mteja yeyote.

Huko Pennsylvania, Marekani, vikosi vya zimamoto vya kujitolea vinaruhusiwa kununua kupitia mikataba ya jimbo, katika mpango uitwao COSTARS. Hatuhitaji kuuiga mzimamzima, maana sisi tuna chombo ambacho tayari kipo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa na utu wa kisheria: inamiliki mali, inaingia mikataba. Sheria yetu ya ununuzi imekwisha kuvifungulia vikundi vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu mlango wa kuiuzia Serikali. Ikiwa mlango wa kuuza umefunguliwa, na wa kununua ufunguliwe: napendekeza kanuni ya ununuzi itaje wazi kwamba halmashauri ya kijiji inaweza kuagiza kupitia GPSA kwa niaba ya wazima moto wake, ikilipa kwa mapato ya msitu na mchango wa wilaya.

Wala tusiagize magari makubwa. Pikapu inayovuta magurudumu yote manne, yenye tangi dogo, pampu na nafasi ya watu sita, ndiyo itakayofika. Kilicho kigumu zaidi ni baada ya kununua: mafuta, matairi, dereva. Hayo yapitishwe na mkutano mkuu wa kijiji kabla ya oda kuandikwa, siyo gari likishafika. Liandikishwe kwa jina la halmashauri ya kijiji, na funguo zikae kwa mtu anayelala kijijini.