Kupima Bomba kwa Haki
Mhadhara wa umma juu ya forodha na mabomba makubwa ya chuma



Jambo nitakalolieleza jioni hii aghalabu hujadiliwa katika ofisi za bandarini na mbele ya mabaraza ya rufaa za kodi, ilhali kwa nadra hupewa nafasi katika kumbi za elimu: nalo ni namna forodha inavyolitambua bomba kubwa la chuma na kulipatia namba yake. Hoja yangu ni moja, kwamba kazi hii, ijapokuwa hufanywa kwa utepe na karatasi, ni kazi ya hukumu, na kwamba haki ya mfanyabiashara pamoja na haki ya hazina ya umma hutegemea uaminifu wa yule anayeamua kitu kilicho mbele yake ni kitu gani.

Msingi wa hukumu hiyo ni mapatano yaliyotiwa saini Brussels mwaka 1983 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, ambayo kwayo mataifa yalikubaliana kuzitaja bidhaa zote za biashara kwa namba za tarakimu sita zinazofanana kila bandari, zikiwa chini ya uangalizi wa Shirika la Forodha Duniani. Katika mfumo huo vitu vilivyotengenezwa kwa chuma vimewekwa katika sura ya 73, na mabomba yamegawiwa mafungu manne: 7303 kwa yale ya chuma cha kusubu, 7304 kwa yale yasiyo na mshono, 7305 kwa yale yaliyofungwa kwa kulehemiwa, kwa ribiti au kwa njia ya namna hiyo, yaliyo mviringo, na ambayo kipenyo chake cha nje kinazidi milimita 406.4, na 7306 kwa mengineyo.

Tuchukue mfano wa nchini kwetu. Bomba la gesi lililojengwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam na kuzinduliwa mwaka 2015 lina kipenyo cha inchi 36, yaani milimita 914.4. Afisa anayelikagua bomba la namna hiyo gatini hahitaji kukisia: hulizungushia utepe, na akipata mzingo wa takriban milimita 2,873, huugawa kwa 3.1416, akakijua kipenyo cha nje bila ya kuyategemea maneno ya ankara. Kisha huchungulia ndani na kupapasa juu yake akiutafuta mshono. Asipouona wala vyeti vya kiwanda visiutaje, bomba hilo ni la fungu la 7304, hata kipenyo chake kikiwa kikubwa namna gani. Akiuona mshono umenyooka toka ncha hadi ncha, na vyeti vikathibitisha kwamba ulilehemiwa kwa umeme unaowaka chini ya tabaka la unga, na kwamba bomba ni la aina inayotumiwa kusafirishia mafuta au gesi, namba yake ni 7305.11; ikiwa mshono wa bomba la kazi hiyo hiyo umelizunguka kama parafujo, namba inakuwa 7305.19. Hivyo mabomba mawili yenye upana mmoja na kazi moja hutenganishwa kwa njia ya kutengenezwa kwake.

Hali ni nyingine kabisa kwa bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968, ambalo huenda kutoka Dar es Salaam hadi Ndola umbali wa kilomita 1,710. Mabomba yake ni ya inchi 8 na inchi 12. Lau yangeletwa leo, yasingeingia katika 7305 kamwe, bali yangekwenda 7304 au 7306 kwa kadiri ya mshono wake. Fauka ya hayo, bomba lililolehemiwa lenye kipenyo cha milimita 406.4 barabara, ambazo ni inchi 16 kamili, nalo ni la 7306, kwa sababu sheria imetaka kipenyo kizidi kiasi hicho, na kilicho sawa nacho hakijakizidi. Kadhalika bomba lililokwisha kutayarishwa liwe sehemu ya jengo au daraja huhamia 7308, maadamu limetoka katika hali ya bomba la kawaida na kuwa kiungo cha jengo.

Lakini namba yenyewe isigeuzwe kuwa bwana. Mwaka 2019 Marekani ilitoza ushuru wa kuzuia bidhaa zinazouzwa kwa bei isiyo ya haki juu ya mabomba makubwa yaliyolehemiwa kutoka nchi kadhaa, zikiwamo China, India, Kanada na Uturuki. Na katika amri zake iliorodhesha namba za forodha, kisha ikatamka wazi kwamba namba hizo zimewekwa kwa wepesi wa kazi tu, bali maelezo yaliyoandikwa ndiyo yenye kukata shauri. Haya ni mafundisho mema kwa kila mfasiri wa sheria: kwanza ujue kitu, ndipo ukitafutie namba.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo umoja wake wa forodha ulianza kazi mwaka 2005, viwango vya ushuru wa pamoja ni asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kimeongezwa cha asilimia 35. Palipo na tofauti kama hiyo pana vishawishi pande zote mbili: mwingizaji kulivika bomba jina lenye ushuru mwepesi, na mtoza ushuru kulivika jina lenye ushuru mzito ili atimize lengo la makusanyo. Yote mawili ni dhuluma, na la pili si dogo kwa kuwa limetendwa kwa niaba ya dola, kwani gharama iliyozidi kwenye bomba la maji au la gesi hatimaye hulipwa na mwananchi.

Dawa ipo. Mapatano ya kurahisisha biashara ya Shirika la Biashara Duniani, yaliyoanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, yanazitaka nchi zitoe uamuzi wa awali kwa maandishi pale mfanyabiashara anapouliza namba ya bidhaa yake kabla haijaingizwa nchini. Nashauri maamuzi hayo yachapishwe kwa Kiswahili pamoja na sababu zake, ili wakala wa Tanga na mwenziwe wa Mombasa wayasome na kuyahoji. Na nashauri chuo hiki kianzishe somo la uainishaji wa bidhaa, ambamo mwanafunzi wa sheria atajifunza namna chuma kinavyolehemiwa, na mwanafunzi wa uhandisi atajifunza namna sheria inavyosomwa. Mwenye kukosa moja ya elimu hizo atahukumu kwa nusu ya ushahidi, na hapana mtu, awe mlipaji au mtozaji, anayestahili kuhukumiwa hivyo.