Maana za neno "boma" katika masimulizi ya kale na katika matumizi ya Arusha

Neno "boma" hujitokeza mara kwa mara katika masimulizi ya kale ya Kiswahili yanayohusu safari na vita vya bara. Mjini Arusha lingali likisemwa kila siku, ila maana zake zimehama. Kwa sababu hiyo msomaji aliyekulia chini ya Mlima Meru, anapofungua maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ya bara, huweza kuona nyumba za Wamaasai au jengo la Wajerumani mahali ambapo msimuliaji hakukusudia lolote kati ya hayo.

Maana iliyo msingi wa nyingine zote ni kizuizi chenyewe: magogo yaliyochimbiwa ardhini yakabanana, au matawi ya miiba yaliyorundikwa kuzunguka watu na mifugo. Wapagazi waliolala porini walikata miiba wakajizungushia boma kabla ya giza, na kulipokucha wakaliacha hapo hapo. Pwani, jengo la mawe la kujihami lilikuwa na jina lake, ngome. Boma lilikwenda na miti.

Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Katika habari za vita vyake na Nsama wa Itabwa, boma ni zaidi ya ua wa miti: ni makazi ya mtawala, pamoja na watu wake na pembe zake za ndovu. Katika masimulizi ya namna hii kitenzi ndicho kinachoamua maana. Boma likijengwa au likichomwa moto, ni miti. Likiingiwa au likitekwa, ni mji. Likisalimu amri, ni watu. Kamusi zinazotoa tafsiri moja tu ya neno hili huwanyima wasomaji jambo hilo, na hasara yake si ndogo, kwa kuwa hadithi nzima ya vita hutegemea kama kilichoanguka ni ukuta au ni utawala.

Wajerumani walilikuta neno likitumika, wakaviita vituo vyao hivyo hivyo hata vilipojengwa kwa mawe. Boma la Arusha, ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa mwaka 1900. Lilitanguliwa na mapigano yaliyofuata kuuawa kwa wamisionari Ovir na Segebrock huko Akeri, kwenye miteremko ya Meru, mwaka 1896. Waarusha na Wameru walioshindwa walilazimishwa kulijenga. Tangu hapo neno likabeba maana ya serikali, na sarufi yake ikabadilika kidogo: watu hawakuhitaji tena kusema boma la nani, ilitosha kusema "bomani". Huko ndiko kodi ilikolipwa na kesi zilikosikilizwa, chini ya Wajerumani na baadaye chini ya Waingereza. Mabaki ya maana hiyo yamo katika "ndoa ya bomani", inayofungwa mbele ya serikali badala ya kanisani au msikitini.

Yapo madai kwamba boma ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya utawala wa kikoloni. Madai hayo hayana msingi. Kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapishwa mwaka 1882 inalo neno hili, na Waingereza waliingia Arusha mwaka 1916.

Utajiri mkubwa zaidi wa neno hili uko kwa wafugaji. Kimaasai hutofautisha "enkang", makazi yaliyozungushiwa uzio, na "olmarei", familia ya mzee mmoja: wake zake, watoto na wanaomtegemea. Enkang moja huweza kuwa na olmarei kadhaa. Kiswahili cha Arusha huziita zote mbili boma, na hapo ndipo hesabu na ripoti hukosewa, kwa sababu anayeuliza idadi ya maboma hajulikani kama anahesabu nyua au familia. Kwa Waarusha wanaolima miteremko ya Meru, boma huweza kuwa katikati ya migomba bila miiba yoyote. Uzio umetoweka, jina limebaki kwa watu. Sehemu nyingine uzio ni wa mmea wa utomvu uitwao manyara, ambao ndio uliolipa Ziwa Manyara jina lake.

Maana iliyozoeleka zaidi katika habari za siku hizi ni ya ujenzi. "Maboma ya madarasa" au "maboma ya zahanati" ni kuta zilizoinuliwa, mara nyingi kwa nguvu za wananchi, zikisubiri paa, milango na sakafu. Halmashauri hutenga fedha za "kukamilisha maboma", na likishaezekwa na kukamilika, jengo huacha kuitwa boma: huwa darasa, zahanati au nyumba ya mwalimu.