Kosa na Dhuluma: Askari Anapoomba Faili Lake Lisahihishwe



Nimeombwa nieleze jinsi askari aliyekwisha kutoka jeshini hapa Marekani anavyoweza kuomba kumbukumbu zake za utumishi zirekebishwe. Nitaanza na jina, maana wengi mlionifuata asubuhi mmekuja na shida ya jina.

Mtu kazaliwa Kigoma au Bukavu, kapewa jina moja na babu yake, la baba likafuata. Huku fomu inataka jina la kwanza na la ukoo. Mwenye jina moja tu kwenye pasipoti huandikwa herufi FNU, yaani jina la kwanza halijulikani, na herufi hizo zinaweza kumfuata kila anapokwenda. Mwaka 2009 jeshi lilianza kuandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha kwa mpango wa MAVNI, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Uandikishaji huo ulisimama 2016. Wapo hapa walioingia kwa mlango huo, na wapo ambao hati zao za kuajiriwa na za kuachishwa ni kama za watu wawili tofauti.

Jambo hili si dogo. Ripoti iliyotolewa 2021 na tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Wapagazi wa jeshi walioitwa Kariakoo wamo humo. Sisi tulio hai bado tuna nafasi ya kusema jina hili si langu.

Hati yenyewe ni DD 214, anayopewa askari siku ya kutoka. Humo mna tarehe, cheo, nishani, muda wa ng'ambo, na namna mtu alivyoachishwa. Matibabu, mkopo wa nyumba na kaburi katika makaburi ya taifa hutegemea karatasi hiyo. Kwetu wahamiaji kuna la zaidi: uraia uliopatikana kwa njia ya jeshi unaweza kutenguliwa iwapo mtu ameachishwa bila heshima kabla ya kutimiza jumla ya miaka mitano ya utumishi wa heshima.

DD 214 yangu ilikosa miezi saba ya ng'ambo. Niliona kosa palepale mezani, nikatia saini. Nilikuwa na tiketi mfukoni na mke aliyekaribia kujifungua, nikajiambia nitashughulikia baadaye. Baadaye ilikuja kuwa miaka minne, na mwenzangu aliyeweza kunishuhudia alikuwa amehama mara tatu. Namwambia kila kijana aliye karibu kutoka: usisaini hati usiyoisoma mstari kwa mstari, wala yenye kosa uliloliona.

Zamani askari aliyeonewa na karatasi alihitaji mbunge wa kupeleka muswada kwa ajili yake peke yake. Mwaka 1946 Bunge la Marekani lilijiondolea kazi hiyo, likaziachia wizara za kijeshi zirekebishe kumbukumbu kupitia bodi za raia. Jeshi la nchi kavu lina bodi yake. Wanamaji na mariini wanatumia moja. Jeshi la anga lina yake, na walinzi wa pwani yao. Fomu ni moja kwa wote, DD 149.

Sheria inasema bodi irekebishe ili kuondoa kosa au dhuluma. Naomba tukae kidogo kwenye maneno haya mawili, kwa sababu ombi lisilojua linadai lipi kati ya hayo huanguka. Kosa ni pale karatasi inaposema jambo ambalo halikutokea, au inaponyamazia lililotokea. Dhuluma ni pale karatasi inaposema lililotokea, utaratibu ukafuatwa, lakini mtu akalipishwa kuliko haki.

Mfano ninaoupenda ni wa Henry Flipper. Alizaliwa mtumwa huko Georgia mwaka 1856, na mwaka 1877 akawa Mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha maofisa cha West Point. Akiwa Fort Davis, Texas, alishtakiwa kwa kupotea kwa fedha. Mahakama ya kijeshi haikumtia hatiani kwa wizi, bali kwa mwenendo usiomfaa ofisa, akafukuzwa 30 Juni 1882. Alihangaika hadi kufa mwaka 1940 bila kusikilizwa. Baadaye jamaa zake, pamoja na mwalimu mmoja wa Georgia, walipeleka ombi. Mwaka 1976 bodi ilijibu kwamba haina uwezo wa kufuta hukumu ile, ila adhabu ilizidi kiasi. Ikapendekeza hati ibadilishwe, na jeshi likakubali, akaandikiwa kuachishwa kwa heshima, kwa tarehe ileile ya 1882. Msamaha wa hukumu yenyewe ulitoka kwa Rais Clinton mwaka 1999. Bodi haikusema mahakama ilikosea. Ilisema aliumizwa kupita haki, na hilo likatosha kubadili hati.

Sasa tuje kwenye ushahidi. Bodi haifanyi uchunguzi, inasoma. Tena inaanza kwa kuamini kwamba waliokuandikia walifanya kazi yao sawasawa, hivyo mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Sisi tumelelewa kushtaki kwa kuanzia mbali: salamu, asili ya jambo, kila aliyetukwaza njiani. Kwa wazee chini ya mwembe ni adabu. Mbele ya bodi, ukurasa wa kwanza useme mstari gani una kosa, unasemaje, ungepaswa kusemaje, na karatasi gani inathibitisha. Amri ya safari, hati ya mshahara yenye posho ya eneo la hatari, kiapo cha mwenzako wa kikosi kinachotaja mahali na mwezi: karatasi ya wakati ule ina uzito kuliko kumbukumbu ya leo.

Kosa la wazi la karani huenda lisihitaji bodi kabisa. Jeshi lako linaweza kulirekebisha kwa hati ya nyongeza, DD 215. Anayetaka kubadilishiwa namna ya kuachishwa, na bado hajapitisha miaka 15, aanze kwa fomu DD 293. Kwa bodi ya marekebisho muda ni miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, ingawa inaweza kukusamehe kuchelewa ikiona haki inataka hivyo. Msikate tamaa kwa tarehe, elezeni sababu.

Mtaambiwa pia faili limeungua. Kwa wazee hilo huwa kweli: 12 Julai 1973 moto uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18 karibu na St. Louis, mengi ya nchi kavu na anga, na nakala hazikuwepo. Kwa aliyetoka jeshini baada ya hapo, moto ule si jibu.

Nimeliweka mwisho lililo gumu. Wapo walioachishwa vibaya kwa ulevi, utoro au ugomvi uliowaanza baada ya vita, na hawajamwambia mtu yeyote kwamba hawalali. Kwetu mwanamume akisema hivyo anahofia kuitwa mwendawazimu, na mwanamke aliyeingiliwa kambini anahofia zaidi. Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi, Chuck Hagel, aliziagiza bodi ziyatazame kwa huruma maombi ya wenye kiwewe cha vita. Mwongozo wa 2017 ukaongeza jeraha la ubongo na unyanyasaji wa kingono, ukasema kwamba maelezo ya askari mwenyewe, hata peke yake, yanaweza kutosha kuthibitisha yaliyompata. Ukinyamaza, bodi itasoma utoro tu. Mwandikieni yule kijana mliyekuwa wakati ule, aliyekosa wa kumsemea.

Baada ya chai nitakuwa meza ya dirishani hadi saa kumi na moja. Njooni na DD 214. Asiye nayo tutajaza pamoja fomu SF 180 ya kuiomba, na anayetaka kuzungumza faragha, chumba cha nyuma kiko wazi.